Magamba ya Jumapili

Malefane Seoehla hakuwa mtu wa kusifu. Kwa miaka kumi na tisa aliyofanya kazi kwenye karakana ya misheni pale Ha Motlomelo, waliowahi kusikia neno zuri kutoka kinywani mwake walikuwa wachache, na baadhi yao ni farasi. Ndiyo maana sifa alizompa Mama Puseletso zilivuka mto na kupanda hadi vijiji vya juu, ambako hata redio inakoroma tu. Na ndiyo maana zilileta madhara kiasi kile.

Malefane alianza kama fundi viatu wa kawaida. Baba yake alishona mabuti ya wapanda farasi, naye alikulia chini ya meza ya kazi, amezungukwa na harufu ya ngozi na gundi. Hadi leo ukimpelekea kiatu haangalii juu, anakigeuza kwanza. Soli humweleza kila kitu. Akiona kisigino kimelika upande wa nje anakuuliza mguu ulivunjika mwaka gani. Aliwahi kumwambia mchungaji mmoja, mbele ya mashemasi wake, kwamba viatu vyake havina alama hata moja ya mtu anayepiga magoti. Mchungaji hakumletea tena viatu, lakini waumini wanasema sala zake zilirefuka.

Misheni ilimwita ilipopata watoto ambao viatu vya dukani havikuwafaa. Walikuwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Misuli ya shavu la mguu inakaza na kuvuta kisigino juu, mtoto anabaki kusimama kwa ncha za vidole kama mtu anayechungulia dirishani. Alikuja mtaalamu kutoka mji mkuu akamfundisha kazi ya plasta kwa miezi minane. Kifaa chenyewe kina jina refu la kitaalamu ambalo Malefane hakulipenda na kina mama hawakuliweza. Wao walikiita gamba. Ni plastiki nyeupe iliyoumbwa kwa umbo la mguu wa mtoto mwenyewe, inaanzia chini ya goti, inashuka nyuma ya kisigino na kupita chini ya wayo hadi kwenye vidole, ikiwa na mikanda ya kunata ya kufungia. Kazi yake ni kuushika wayo usawa, kisigino kikanyage chini, misuli isizidi kufupika. Gamba likiwa mguuni ni dawa. Likiwa kando ni plastiki tu, na hilo Malefane alilijua kuliko mtu yeyote katika wilaya ile.

Jozi moja ilimlia siku tatu. Siku ya kupima alimlaza mtoto, akauzungushia mguu bendeji za plasta iliyolowa, akaushika wayo kwa mikono miwili mpaka plasta ishike, na hapo hakuruhusu mtu kuongea. Akilegeza kidogo, mguu unatoroka, na gamba litakalotoka litakuwa la mguu uliotoroka. Kisha alimimina umbo, akalichonga, akapasha plastiki kwenye oveni mpaka ikalegea, akaivika juu ya umbo na kuiacha ipoe. Halafu vikaja viatu. Alichukua vile vyeusi vya shule, namba mbili zaidi ya mguu, akang'oa soli ya ndani, akafumua sehemu ya juu hadi karibu na vidole na kuishona upya ili kiatu kifunguke chote na gamba liingie bila ugomvi. Hapo ndipo ufundi wa baba yake ulipomrudia mikononi. Aliipenda sana kazi hiyo, pengine kupita kiasi.

Tatizo ni kwamba magamba yalirudi yamevunjika. Moja lilitafunwa na mbwa. Jingine liliachwa karibu na moto wa samadi likajikunja. Bibi mmoja wa Ha Lekhotla aliona lina umbo zuri akawa analichotea unga, na alipoulizwa akajibu kwamba mbona linachota vizuri. Plastiki ilitoka nje ya nchi na ilikawia kufika, na mtoto aliyeharibu la kwake alisubiri hadi mwaka mwingine. Malefane akatunga hotuba. Kila siku ya kliniki, mara moja kwa miezi mitatu, kina mama walipoketi kwenye benchi refu la ukumbini, aliwasimamia na kuwahubiria.

"Mimi sitaki uchafu," alisema. "Sitaki mikwaruzo, sitaki meno ya mbwa, sitaki unga. Mkirudi baada ya miezi mitatu nataka nilishike nione kama limetoka mikononi mwangu jana. Likiharibika hakuna jingine. Tumeelewana?"

Waliitikia kwamba wameelewana. Suala la saa za kuvaa hakuligusa, kwa sababu hilo lilikuwa la Bi Nthoateng, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuja siku hizo kutoka hospitali ya wilaya. Bi Nthoateng alikuwa na karatasi iliyosema mtoto avae kutwa nzima, kila siku, nyumbani na nje. Aliisoma vizuri, kwa sauti ya upole. Kina mama walikwenda nyumbani wakikumbuka ukali, na karatasi wakafungia chumvi.

Puseletso aliletwa mwezi wa tatu akiwa na miaka mitano. Mama yake alishazika watoto wawili kabla yake, na jina lenyewe hupewa mtoto anayekuja kufuta machozi. Alikuwa msichana mwenye maneno mengi na miguu migumu. Siku alipovalishwa magamba kwa mara ya kwanza alisimama ameshika ukingo wa meza, visigino vyote viwili chini, akaanza kucheka. Mama yake alipiga magoti, akapitisha kidole kati ya kisigino cha mtoto na sakafu, kikakosa pa kupita. Alirudia mara ya pili kwa mguu mwingine. Mwalimu mkuu wa kijijini kwao alikuwa amemwambia kwamba Januari atampokea Puseletso, ila sharti aweze kusimama mwenyewe ameshika kishikio cha choo, kwani walimu ni wawili na hakuna wa kumbeba. Mama Puseletso alimweleza Malefane habari hiyo akiwa bado amepiga magoti.

Sasa, kwenye nyumba za milimani kila kitu kizuri kina siku yake. Blanketi la kwendea harusini halitandikwi kitandani. Sare ya kanisani haichoti maji. Vyote hulala ndani ya sanduku la bati na vidonge vya kufukuza nondo, na mwanamke hupimwa kwa jinsi sanduku lake linavyofunguka likinukia. Mtu akikupa kitu kutoka misheni, cheupe, cha mtoto wako peke yake, tena akakukemea kwamba kisipate mkwaruzo, unajua mahali pake. Malefane mwenyewe alizaliwa kwenye nyumba ya namna hiyo. Viatu vya mama yake vya Jumapili vilizikwa naye vikiwa na soli mpya.

Mwezi wa sita Mama Puseletso alikuja ameyafunga magamba kwenye kitambaa kilichopigwa pasi. Malefane aliyafungua akayageuza huku na huku. Hakukuwa na doa. Viatu vilipakwa rangi vikang'aa. Alinguruma kitu kilichofanana na asante, na benchi zima likageuka kumtazama mwanamke huyo.

Mwezi wa tisa Malefane alipitiliza. Alilinyanyua gamba moja juu kwenye mwanga wa dirisha na kuwaambia, "Huyu ndiye mama. Tazameni. Hiki ndicho ninachokisema kila siku, mnaniona mimi mkorofi." Kisha akamgeukia Mama Khauhelo, ambaye magamba ya mwanawe yalikuwa yamekwaruzika, yamejaa matope na nywele za mbuzi, akamuuliza kama mtoto anayavaa au anayalimia. Mama Khauhelo alijibu kwa unyenyekevu kwamba mtoto hatulii, amejifunza kukimbia. Watu wakacheka. Malefane akamrudishia Mama Puseletso magamba yake ndani ya kitambaa chenye mkunjo wa pasi, wala hakumvisha mtoto kuona yanavyokaa. Siku ile alikuwa na watoto wengi, na aliona hakuna cha kuangalia.

Desemba ikafika na mapichi yake. Mama Puseletso alikuja akiwa na furaha, maana shule ilikuwa imebakiza wiki chache, na alimletea Malefane mapichi kwenye kapu. Bi Nthoateng alimlaza mtoto kitandani, akachukua gamba la kulia, akalisukuma. Mguu haukuingia. Akajaribu tena, akaupinda wayo juu kwa kiganja, na wayo ukagoma. Wa kushoto ulikuwa mbaya zaidi. Walipomsimamisha, visigino vilining'inia juu ya sakafu, na vidole vitatu vya mtu mzima vilipita chini yake.

Malefane aliletewa magamba ayatazame, pengine yamepinda. Akayachukua pamoja na viatu, na kwa mazoea tu akakigeuza kiatu. Soli ilikuwa na namba ya kiwandani, inasomeka yote. Mistari ya mpira ilikuwa na makali yake. Mikanda ya kunata, ambayo ndani ya wiki moja hukusanya manyoya ya blanketi na majani makavu, ilikuwa haina hata uzi. Na ndani ya gamba, pale kisigino kinapotakiwa kuacha alama nyeusi ya jasho, palikuwa peupe. Fundi aliyesoma soli za wilaya nzima, mpaka za mchungaji, alikuwa ameyashika magamba haya mara mbili mikononi mwake na kuyasifu.

Bi Nthoateng aliuliza kwa sauti iliyopoteza upole mtoto anavaa mara ngapi. Mama Puseletso alisema kila Jumapili, bila kukosa, na siku ya Ijumaa Kuu, na mara moja kwenye harusi ya shangazi yake. Alisema kama mtu anayejibu mtihani aliousomea. Bi Nthoateng akaweka kalamu chini. Akamwambia, mbele ya benchi zima, kwamba amemlemaza mtoto kwa mkono wake. Akamuuliza karatasi ilikuwa ya nini. Akamwambia kwamba dawa haikai sandukuni, na kwamba sasa huenda mtoto akahitaji kisu, na shule ya Januari aisahau.

Mama Puseletso hakumtazama Bi Nthoateng. Alimtazama Malefane. Alimtazama kwa muda, wala si kwa lawama. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu anayejua kuna shahidi ndani ya chumba. Malefane alikuwa na mkasi mkononi. Akainama akaanza kukata mkanda ambao haukuhitaji kukatwa.

"Ni makosa yangu," mwanamke akasema.

"Watoto wanakua," Malefane akanong'ona, akiwa bado anaangalia mkasi. "Wanakua haraka."

Hilo ndilo neno alilolitoa. Mama Puseletso akamfunga mtoto mgongoni kwa blanketi, akaondoka bila kapu lake. Malefane aliwapokea waliobaki kwenye foleni, na safari hii aligeuza viatu vyote. Walikuwa watoto kumi na mmoja siku ile. Sita kati yao magamba yao yalikuwa safi. Mwaka uliotangulia alikuwa hajaona safi hata moja. Hakuhitaji kuuliza walikojifunzia usafi huo. Kati ya wote, mguu uliokuwa umenyooka kuliko mingine ni wa mtoto wa Mama Khauhelo, mwenye manyoya ya mbuzi.

Siku zilizofuata hakuweza kushika kazi. Alichonga umbo moja akalichonga mno, akalitupa. Mapichi yalioza kwenye kapu pale karakana, kwa kuwa hakuwa na uso wa kuyala wala wa kuyagawa. Aliamka na aibu, akala nayo. Alijitetea vya kutosha: karatasi ilisomwa, yeye ni fundi tu, mwanamke ana masikio. Kila utetezi ulifika mahali pamoja na kukwama, pale alipoinama. Angeweza kusamehewa kutokujua. Lakini pale alikuwa ameshajua, na alimwacha mwanamke abebe peke yake.

Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, alimweleza mkewe kila kitu huku papa, ugali wa kwao, na mboga vikipoa mbele yake. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akaondoa sahani.

"Vizuri umenieleza," alisema. "Ila mimi sina mtoto kwenye benchi lile."

Jumapili Malefane aliazima farasi akapanda kwa Mama Puseletso. Alifika ibada ikiwa imeanza, akasimama nyuma ya wanaume. Kina mama walikuwa mbele na sare zao, na mbele yao kabisa, kwenye mkeka, alikuwa Puseletso, miguu ameinyoosha watu waione. Alikuwa amevaa magamba. Mama yake alikuwa ameyalazimisha yaingie, mikanda imevutwa hadi mwisho, na viatu viling'aa. Mtoto aliimba kwa sauti kuliko kwaya. Mara kwa mara alikunja uso na kushika goti, kisha akaendelea kuimba. Malefane alitamani kutoka nje, lakini akajilazimisha kutazama wimbo wote.

Baada ya ibada alimfuata mama huyo hadi mlangoni. Hata hawakuvuka kizingiti. Mwanamke alimketisha mtoto, akafungua mikanda, akavua kiatu kimoja na gamba lake, akatoa kitambaa mfukoni akaanza kulipangusa. Nyuma ya kisigino cha mtoto palikuwa na lengelenge jekundu ukubwa wa sarafu. Malefane akachuchumaa mbele yao, kofia mkononi.

"Mama Puseletso, nimekuja kusema kitu. Kosa si lako, ni langu. Niliwaambia msiyachafue. Halafu nikayasifu. Nilipoyasifu yalikuwa mikononi mwangu hayajavaliwa, na mimi ni fundi viatu, sikuhitaji kuambiwa. Na Jumanne ile ya kliniki nilijua, nikanyamaza."

Mwanamke aliendelea kupangusa. Alipangusa hata mahali palipokuwa pakavu.

"Alikuwa anayalilia," alisema mwishowe. "Kila asubuhi. Anatambaa hadi kwenye sanduku, anagonga bati, anasema mama, nipe miguu yangu. Nikawa namfukuza. Siku moja nikamchapa mikono, baba. Nikamwambia fundi atakasirika."

Malefane alikuwa amejiandaa kutukanwa, na matusi angeyabeba.

"Pale kliniki nilikutazama," mwanamke akaendelea.

"Ulinitazama."

"Nikasema sasa atasema."

"Nikainama," Malefane akasema. "Najua. Nikainama."

"Wewe una watoto wengi wa watu. Mimi nimebakiwa na huyu." Alilikunja gamba ndani ya kitambaa, akasita, akalikunjua tena kama aliyesahau linapokwenda. "Sasa useme la kufanya. Si la kusikitika, la kufanya."

Malefane akaeleza. Alikuwa ameshazungumza na Bi Nthoateng kwa simu. Miguu ingefungwa plasta kwa wiki sita, kila wiki ifunguliwe, ivutwe kidogo, ifungwe upya. Huenda ikashuka, huenda isishuke, na hakuahidi. Mama na mtoto wangekaa nyumbani kwake na mkewe, maana njia ni ndefu kwenda na kurudi. Na wale kina mama wengine wangeitwa.

"Wakija, uwaambie mimi nikiwepo," Mama Puseletso akasema. "Wale walinisikia nikisema ni makosa yangu."

Tangazo lilisomwa makanisani, nao wakaja, wote kumi na mmoja. Malefane alisimama mbele ya benchi lilelile. Hotuba aliijua kwa moyo, na sasa ilibidi aitapike. Aliwaambia kwamba gamba safi ni gamba lililokufa. Aliwaambia mtoto avae akiwa anatambaa kwenye vumbi, akiwa jikoni, akiwa zizini, na avuliwe wakati wa kulala tu, kama Bi Nthoateng atakavyoelekeza. Aliwaambia kwamba Mama Puseletso alifanya kila alichoagizwa, na kwamba aliyeagiza vibaya ni yeye, na aliyenyamaza wakati akigombezwa ni yeye. Kufika hapo akapapasa koti akitafuta leso na kukuta mkasi.

Bi Nthoateng naye akasema kwamba na yeye alisoma karatasi bila kuuliza habari za sanduku. Kisha Mama Khauhelo akajikohoza.

"Kwa hiyo, fundi, mimi na mbuzi zangu?"

"Wewe na mbuzi zako mlikuwa sahihi. Nikuombe radhi."

"Nimesikia," alisema Mama Khauhelo, akijiweka vizuri kwenye benchi. "Rudia, huyu mwenzangu hakusikia."

Alirudia. Watu wakacheka, na mmoja wa wale sita, aliyekuwa ameshika kifurushi cha kitambaa mapajani, akaanza kulia. Malefane alimpokea wa kwanza. Mtoto wake na wa wenzake watano walikuwa bado hawajakaza sana, kwa kuwa walianza usafi Septemba tu.

Wiki sita zilipita Puseletso akiwa nyumbani kwa Malefane na plasta mbili nyeupe, akiamrisha kila mtu. Kila Alhamisi Bi Nthoateng alipanda, wakakata plasta, Malefane akaushika wayo kwa mikono miwili bila kusema neno, kwa nguvu ile tu ambayo mtoto aliweza kuivumilia. Mguu wa kulia ulishuka pole pole, wiki kwa wiki. Wa kushoto ulishuka nusu ya njia ukasimama. Bi Nthoateng aliupima mara tatu, kisha akaandika barua ya kwenda hospitali kuu, kwa daktari wa upasuaji, kwenye majira ya baridi. Shule ilifunguliwa mwishoni mwa Januari. Siku hiyo watoto walipita barabarani na sare zao, na Mama Puseletso alifunga dirisha la upande ule. Malefane alimwona akilifunga. Mwanamke alikuwa mwenye heshima kwake muda wote, alimpikia, alimsalimia asubuhi. Lakini hakumwita tena baba. Alimwita fundi.

Alhamisi ya mwisho magamba mapya yalikuwa tayari, la kulia likiwa sawa, la kushoto na kabari chini ya kisigino kuziba mahali ambapo mguu haukufika. Malefane alikuwa amefanya kitu ambacho hajawahi kufanya. Aliyachukua nje akayasugua kwenye changarawe, akayatia mikwaruzo, akakisugua kiatu kwenye vumbi hadi mng'aro ukatoka. Mkewe alimtazama mlangoni akatingisha kichwa.

Mtoto aliketishwa mezani. Malefane aliingiza mguu wa kulia, ukakaa vizuri. Akaingiza wa kushoto juu ya kabari. Alikuwa anafunga mkanda wa kwanza aliposikia mtoto amenyamaza, naye hakuwa mtoto wa kunyamaza.

"Fundi," Puseletso akasema, "leo ni Jumapili?"

"Hapana. Leo ni Alhamisi."

Mtoto aliyatazama magamba. Kisha akaanza kuvuta mguu wake nje, kwa haraka na kwa hofu, mikono yake miwili akaificha nyuma ya mgongo.

"Basi nivue," alisema. "Nivue kabla mama hajaona."

Malefane alibaki ameshika mkanda. Mama Puseletso, aliyekuwa amesimama nyuma yao muda wote, alimwondoa pembeni kwa bega, akapiga magoti, akaanza kuyafunga mwenyewe. Mkanda ulikataa kushika, akaufungua akaanza tena.